Bendera ya Kona ya Nne

Helmeti ilimkwama kichwani Jumamosi saa tano asubuhi, katikati ya duka la vipuri lililojaa watu hadi mlangoni. Alikuwa amevaa gauni la bluu lenye vifungo mbele na viatu vya kisigino kifupi. Ukimtazama kwa nyuma ungedhani ni mgeni wa arusi aliyepotea ukumbi. Alivuta, helmeti ikagoma. Nywele alizosuka juzi zilikuwa zimejibana chini ya kidevu, na watu kwenye foleni walianza kucheka.

Mwanamume mmoja aliyebeba tairi begani alilitua chini, akamwambia asivute kwenda juu, ashike kamba za kidevuni azitanue kama anayefungua mdomo wa gunia. Helmeti ikatoka. Ukaonekana uso uliolowa jasho na macho makubwa yasiyotahayari.

"Dada, kwani unafanya kazi gani?"

"Napima macho ya watu."

"Na saizi imeandikwa hapo nyuma, kubwa hivyo."

"Ungekuwa mteja wangu, kaka, ningekupima ulimi kwanza."

Foleni nzima ilimcheka yule mwanamume, naye akacheka kuliko wote. Alikuwa fundi wa matairi katika gereji ya mtaa wa pili. Mpima macho alimpa namba ya simu kwa sababu, alivyosema, alihitaji matairi laini, yale ya uwanja wa mbio. Fundi aliuliza anayataka ya nini. Akajibiwa kwamba zamani alikuwa mkimbizaji wa pikipiki kwa misimu saba, akaacha kwa miaka nane, na sasa anataka kurudi. Si kushindana. Kulikuwa na siku za mazoezi ya wazi, mtu anaingia na pikipiki yake anazunguka. Alitaka azunguke tu, hata siku moja.

Jioni ile Fundi alipiga simu kuuliza matairi yajazwe upepo kiasi gani. Mpima macho alimkumbusha kwamba hilo yeye ndiye anayelipwa kulijua. Kesho yake alipiga tena, safari hii bila kisingizio. Akaanza kumwita Daktari, ingawa hakuwa daktari, kisha kipenzi. Naye akamwita Fundi, lakini kwa sauti ambayo mafundi wengine hawajawahi kuitwa.

Wiki ya pili Daktari alimpeleka stoo kuona pikipiki. Alipoivua shuka lililoifunika miaka yote ile, Fundi alikuwa amepiga magoti na spana mkononi. Aliona namba kumi na saba ubavuni, rangi ikiwa imebanduka kwenye ile saba. Spana ikaanguka. Alisema imemteleza. Aliijua ile namba kama anavyolijua jina la mama yake, na alijua kwamba angepaswa kusema palepale. Akaamua atasema kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine, na katikati yake kulikuwa na matembezi, vicheko, na mkono wa Daktari uliozoea kukaa mfukoni mwa koti lake.

Miezi mitatu ikapita hivyo.

Siku ya mazoezi ilipofika, walifika uwanjani mapema. Suti ya Daktari ya ngozi nyeusi ilimbana kiunoni, na Fundi alipouliza kwa upole kama ngozi husinyaa, alipigwa kofi la mgongo. Walibandika utepe kwenye taa na kwenye vioo vya pembeni, kama inavyotakiwa, maana uwanjani hakuna kutazama nyuma. Daktari akapangiwa kundi la wapole, wale wa mwendo wa taratibu, pamoja na mzee mstaafu na vijana wawili ambao hawakuwahi kukanyaga pale.

Akaingia. Mwili ulikumbuka kabla yeye hajakumbuka. Goti lilijitanua lenyewe, bega likashuka, na kona ya kwanza, ya pili na ya tatu zikapita kama wimbo alioukariri utotoni. Alipoiona kona ya nne, mkono ulikaza breki. Akaipita kwa mwendo wa mtu anayesukuma baiskeli. Mzunguko wa pili vilevile. Wa tatu, mzee mstaafu alimpita kwa nje, akamwinulia mkono wa kumwomba radhi. Daktari alitoka uwanjani, akaegesha, akavua helmeti akakaa chini kwenye saruji.

Fundi alikuja na chupa ya maji. Hakuifungua.

"Mdogo wangu alifia pale," alisema Daktari. "Tulimwita Sisimizi. Mimi nilikuwa mbele, yeye nyuma yangu. Kulikuwa na mafuta barabarani, tairi la nyuma likateleza, nikaanguka, naye akaniangukia."

"Najua," alisema Fundi, lakini hakusikika.

"Ripoti inasema bendera ya kuonya kuhusu mafuta ilikuwa juu. Mimi sikuiona. Mama aliniambia neno moja tu siku ya maziko, hajalirudia na sijalisahau. Alisema macho yangu yalikuwa ya watu wawili, yangu na ya Sisimizi aliyenifuata. Ndiyo maana nikasomea macho, Fundi. Nimejipima mara ngapi sijui. Herufi naziona zote, mpaka mstari wa mwisho. Sasa niambie wewe, siku ile sikuiona kwa nini?"

Muda wote huo Fundi alijua kwamba Daktari anaomboleza mdogo wake. Hakujua kwamba uongo wa ile ripoti ulimwingia machoni.

"Hukuiona kwa sababu haikuwepo."

"Unasemaje?"

"Bendera ilikuwa chini kwenye nyasi. Mimi ndiye niliyeiacha."

Akaeleza akiwa amesimama. Alikuwa mshika bendera wa kona ya nne. Sheria yao ni moja, na hufundishwa kabla ya kupewa fulana: bendera kwanza, mtu baadaye. Mpanda pikipiki mmoja alianguka, pikipiki ikamwaga mafuta, mtu akalala mchangani hajitikisi. Yeye, kijana mgeni wa kazi, aliitupa bendera akamkimbilia. Alipogeuka, namba kumi na saba ilikuwa inaingia kona. Baadaye mkuu wake aliandika kwamba bendera ilipandishwa, akampa kalamu, naye akatia sahihi.

Daktari hakulia. Alimtazama kama mtu anayesoma herufi kutoka mbali.

"Ulijua ni mimi tangu lini?"

"Tangu ulipofunua pikipiki."

"Miezi mitatu unaniita kipenzi."

Daktari alisimama, akasukuma pikipiki hadi kwenye gari, akaanza kuifunga. Mkanda mmoja ulihitaji mtu wa upande wa pili. Akamwambia shika hapo, akashika. Akamwambia achia, akaachia.

Simu za Fundi ziliita siku kumi na mbili bila kupokewa. Kazini, Daktari alimsomesha bibi mmoja mstari uleule mara tatu. Wateja walipokwisha aliutazama ubao wa herufi kutoka kwenye kiti, kisha mlangoni, kisha kutoka ukumbini. Aliona zote. Alihisi wepesi ulioambatana na hasira, hata hakujua aanze na kipi.

Siku ya kumi na tatu alipiga mwenyewe.

"Jumamosi saa kumi, kwa mama. Na usije na zawadi, hii si posa."

Fundi alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi, na mikono aliyoisugua mpaka ikachubuka lakini weusi wa mpira haukutoka. Mama alikuwa anafumua pindo la sketi. Fundi alisema yote tena, bila kujitetea. Sindano ilisimama. Jirani aliyekuwa akifua nje alisikika akikamua nguo.

"Huyo uliyemkimbilia," mama aliuliza, "alipona?"

"Alipona, mama. Ana watoto watatu."

Mama aliitikia kwa kichwa, polepole, kama anayewahesabu. Kisha akamgeukia binti yake.

"Miaka nane nakutazama kama mtu aliyenivunjia chombo. Na wewe ukanyamaza. Njoo hapa, mwanangu."

Binti alipiga magoti, akaweka kichwa juu ya ile sketi, na hapo ndipo alipolia. Mama alimwambia Fundi, bila kumtazama, kwamba leo hawezi kumsamehe, asimwombe. Ila asiondoke bila kunywa maji, maana amekuja kwa miguu yake.

Daktari alimsindikiza hadi getini, macho yamevimba. Fundi alisema hategemei chochote, amekuja kwa sababu ilimpasa. Daktari alimwambia bado ana hasira naye, na kwamba hasira hiyo ina safari ndefu. Kisha akamwambia kwamba Jumapili ijayo yeye ana zamu ya kuzunguka uwanjani saa tatu.

"Nikiingia kona ya nne, nataka nikuone umesimama pale na bendera."

"Na nisipokuja?"

"Nitajua hukuja," alisema Daktari. "Sitajiuliza tena kama ni macho yangu yaliyokosa kukuona."