Mistari Arobaini ya Juu

Kila Jumamosi, akimaliza kufua sare, Lornah alienda zahanati ya mtaa wa Obunga kumsaidia Mama Dorca, mhudumu wa afya. Alikuwa darasa la saba, hodari wa hesabu, na jambo hilo alilijua mno.

Siku hiyo Mama Dorca alimpa karatasi ndefu iliyotoka kwenye kompyuta ya mjini. Ilikuwa na mistari mia nane, kila mstari nyumba moja, kuanzia barabara ya lami mpaka kijitoni.

"Zote hatuziwezi," alisema. "Anza mstari wa saba, kisha wa ishirini na saba, wa arobaini na saba, hivyo hivyo mpaka mwisho. Utapata nyumba arobaini. Uliza wanateka maji wapi, na nani anahara. Jumatatu ofisi itaamua kama dawa ya visima italetwa huku au mtaa mwingine."

Lornah alitoka na Benta, mwanafunzi mwenzake aliyeishi kule chini. Akabisha hodi nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu, mfululizo.

"Mbona huruki?" Benta aliuliza.

"Niruke niangukie matope yenu? Kule hata bata anaogopa kuchafuka. Arobaini ni arobaini."

"Lakini mdogo wangu anahara tangu Jumatano! Sisi ni mstari wa mia saba na saba. Tumo."

"Basi mpikieni uji."

Mvivu mwenye akili ni mvivu tu, tena wa kujigamba. Saa sita alikuwa amerudi, viatu vinang'aa. Nyumba zote arobaini zilitumia maji ya bomba. Hakuna aliyehara.

Mama Dorca, ambaye Benta alikuwa ameshamweleza habari za mdogo wake, alitazama karatasi, kisha viatu.

"Moja, mbili, tatu, nne. Zimefuatana kama vifaranga. Hivi viatu vimefika kijitoni?"

Lornah alirudisha miguu nyuma.

"Ofisi ingesema watu wa Obunga ni wazima, dawa ikaenda zake. Mtoto wa watu aendelee kuhara ili kiatu chako kisiguswe na tope! Hesabu unajua. Aibu je?"

"Nisamehe, mama."

"Msamaha kamwombe Benta. Mimi nataka mistari."

Papo hapo Mama Dorca alibeba chumvi, sukari na maji yaliyochemshwa, akaenda kwa kina Benta kumnywesha mtoto.

Jumapili baada ya ibada, Lornah alishuka, akiruka mistari kama alivyoagizwa. Matope yalimfika magotini. Nyumbani kwa Benta, wale aliowadharau walimpa maji anawe miguu. Yalikuwa ya kisima, rangi ya chai. Aliomba msamaha akiwa ameinama.

Safari hii nyumba ishirini na tatu zilitumia visima, na kumi na moja zilikuwa na wagonjwa. Jumatano dawa ililetwa Obunga.

"Mnunuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani," Mama Dorca alimwambia, "huzamisha mkono mpaka chini ya gunia, maana mchanga hufichwa huko. Wewe uliokota za juu ukaziita gunia. Anayechagua tu anachopenda kuona hajapima kitu. Amedanganya, hata kama hesabu yake ni sahihi. Na ujue, mwanangu, Mungu husoma mistari yote mia nane."