Ng'ombe Asiyetolewa

Haya yalimpata rafiki yangu Winfrida, mwalimu katika kijiji cha Nyamwaga. Mumewe, Nchagwa, alifuata ng'ombe waliopotea, na wiki ya tatu ilikuwa inakwisha hajarudi. Simu yake aliiacha kabatini, kwani betri ilivimba akaichomoa na kuiweka dirishani.

Jioni moja umeme ulikatika. Winfrida akafungua kwenye simu yake mchezo wa karata wa mtandaoni ambao yeye na mumewe walizoea kushindana, kila mmoja kwa simu yake. Katika mchezo huo, mwenye fungu la karata za kushambulia humtoa sadaka mapema ng'ombe wa kwenye karata, ili mashujaa wapate nguvu. Nchagwa hakukubali kamwe.

"Ng'ombe wangu simtoi, mama Gati," alikuwa akisema, na kila mara alishindwa.

Gizani, mpinzani asiye na jina alijitokeza mchezoni, akamng'ang'ania ng'ombe wake mpaka akashindwa.

"Baba Gati, ni wewe?" Winfrida akanong'ona.

Kabatini simu ya Nchagwa ikalia, mlio wa karata ya mchezo mpya ikiwekwa. Betri iliyovimba ilikuwa bado dirishani.