Penseli ya Marehemu

Mvua haina hodi. Saa saba mchana, mtaa umefurika watu, ikashuka yote kwa mpigo, na kila mwenye miguu akakimbilia jengo la maduka. Ndivyo fundi miwani alivyojikuta orofa ya kwanza, gauni la kijani limemganda mwilini, viatu mkononi, mbele ya mwanamume asiyeuza kitu ila hadithi za upelelezi. Tena zile za giza, ambazo hata mpelelezi mwenyewe si mtu wa kuaminika.

"Karibu. Ukilowesha kitabu, umenunua," alisema muuza vitabu.

"Na nikimlowesha muuzaji?"

Loo! Mtu mzima akakumbatia vitabu vyake.

Kesho yake mwanamke alirudi, jua linawaka. "Nimefuata mvua," alisema, akacheka. Tangu hapo ikawa kila mchana.

"Hebu niambie, watu wanapendea nini vitabu hivi?" aliuliza mwanamke. "Hakuna anayepona."

"Ndiyo raha yake. Mtu anajua kabisa anakokwenda ni kubaya, na bado anakwenda. Unamwambia rudi, hasikii."

"Si ndiyo mapenzi hayo?"

"Umesema wewe, mimi sina neno."

Siku moja, walipokwisha kuwa wapenzi, mwanamke alisema, "Marehemu mume wangu angehamia hapa. Alipokuwa hospitali koo liliziba, sauti ikaenda. Akawa ananiandikia kwa penseli, pembeni mwa kurasa za vitabu kama hivi. Alipofariki, shemeji yangu akaviuza vyote bila kuniuliza. Sikuwa nimesoma hata nusu. Nimevitafuta mpaka nimechoka."

Muuza vitabu aliinamisha macho. Chini ya meza, karibu na magoti ya mwanamke huyo, lilikuwepo sanduku la vitabu kumi na tisa alivyonunua mwaka jana, akakataa kumuuzia mtu yeyote. Pembeni mwa kurasa zake, maandishi ya penseli. *Bi Haraka, umekula? Bi Haraka, leo umechelewa, nimekununia. Bi Haraka, gauni la jana usiligawe.* Alikuwa amempenda Bi Haraka miezi kumi kabla ya kumtia machoni.

Alitaka kusema. Lakini roho ikamwambia: akishapata vitabu vyake, atarudi hapa kufanya nini? "Pole sana, mpenzi," alisema, na kweli aliona aibu.

Jioni, akifunga duka, alitoa sandukuni kitabu cha mwisho, ambacho hakuwahi kukimaliza. Penseli iliishia ukurasa wa mia moja na kumi na mbili. Maneno ya hapo hakuandikiwa Bi Haraka.

*Na wewe unayesoma maneno ya mke wa mtu, unatafuta nini?*

Aligeuka haraka. Duka tupu, mlango umefungwa.

Njia ya mwongo ni fupi. Wiki haikuisha, mwanamke akawa anashuka mbio kuwahi kazini, na muuza vitabu akapaza sauti, "Taratibu na ngazi, Bi Haraka!"

Mwanamke akasimama. Hakugeuka upesi.

"Umeniitaje?"

"Mimi... nimetania tu."

"Jina hilo nilishalizika. Nani kakwambia?"

Hakungoja jibu. Siku tatu muuza vitabu alimpigia simu bila kupokelewa. Ya nne ikapokelewa.

"Wewe ni nani?"

"Ni mimi, mpenzi."

"Nakuuliza, wewe ni nani? Nalala taa zinawaka. Namsikia mume wangu ndani ya mdomo wako!"

"Vitabu vyake ninavyo mimi. Nilijua tangu siku uliyonisimulia. Nilinyamaza nisikukose."



"Mwongo mkubwa wewe."

"Ndiyo. Navileta sasa hivi. Ukitaka nisionekane tena, sitaonekana."

Alibeba sanduku begani mpaka dukani kwa mwanamke. Kuta nzima zilikuwa miwani isiyo na watu, na kila kioo kilimwangalia yeye. Angeweza kuuchana ukurasa ule. Aliufungua mwenyewe, akauweka mbele ya mwanamke.

Fundi miwani alisoma huku kidole kikifuata penseli. Akaangua kicheko, na kicheko kikageuka kilio. "Mtu huyu! Kafa, bado anachokoza watu!" Akafuta macho. "Haya, umeulizwa. Unatafuta nini?"

"Nakutafuta wewe, Bi..." Akajikatiza.

"Hilo ni lake, usiniite tena."

"Nikuiteje?"

"Utajua mwenyewe. Sijakusamehe bado." Aligonga kidole ukurasa wa mia moja na kumi na tatu, mweupe pembeni, akamsogezea kitabu. "Yeye aliishia hapa. Nisomee."

Muuza vitabu akaanza kusoma. Mwanamke akavuta kiti. Walipofika mwisho wa ukurasa, yeye mwanamke ndiye aliyefunua.