Urefu wa Aurelina

"Shika mkia! Kaka, shika huo mkia, unaanguka!"

Crisanto Magbanua alinyoosha mikono kabla hajajua anashika nini. Jumapili ile ghorofa ya nne ya jengo la maduka pale Cubao ilijaa watu hadi ngazi za umeme. Aliyepiga kelele alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenye gauni la njano la kanisani na rozari mkononi. Alikuwa amekumbatia meli ya anga iliyochongwa kwa mbao na plastiki, yenye urefu wa mita moja na robo, na mkia wake ulikuwa umechomoka kwenye boksi.

"Asante," mwanamke alisema akihema. "Umeokoa kazi ya miezi minane."

"Ni Aurelina, sivyo?" Crisanto aliigeuza kidogo. "Imechongwa vizuri sana. Ila ni ndefu mno."

"Unasemaje?"

"Kwa mnara mdogo kama huu, tumbo linaonekana limevutwa."

"Umeishika dakika moja, umeshaanza kuikosoa!"

"Mimi huchora meli, dada. Za kweli, huko Navotas. Za wavuvi."

"Basi kawachoree wavuvi. Hii ni mita mia sita na kumi na mbili, na aliyeipima ni baba yangu."

Crisanto aliitazama tena meli. Katika chama cha wapenzi wa Aurelina, meli ya tamthilia ya zamani ya televisheni, hakuna asiyemjua mwenye kipimo hicho, Mang Dulo, yaani Mzee Dulo, baharia mstaafu wa Marikina. Wenzao wa nchi za nje walitaja mita mia nne na kitu, lakini Mang Dulo alikuwa na kitu wasichokuwa nacho. Ilikuwa kanda ya zamani yenye sehemu ya kumi na moja, ambamo meli nzima inapita ubavu mbele ya mwezi. Matoleo ya baadaye yaliikata picha hiyo. Yeye aliipima kwa rula kwenye kioo cha televisheni: mnara wa meli ni mita kumi na saba kwenda juu, na meli ni minara thelathini na sita kwa urefu.

"Samahani," Crisanto alisema. "Niubebe mkia mpaka ukumbini kwenye maonyesho?"

"Ubebe. Lakini usiupime."

Jina lake lilikuwa Luningning Abrenica, na watu walimwita Ning. Alifanya kazi ya kuchonga meno ya bandia. Baada ya wiki mbili simu zao zilikuwa kila siku, saa ya chakula cha mchana.

"Umekula?" Crisanto aliuliza.

"Nimekula meno."

"Meno?"

"Kumi na manne tangu asubuhi. Nikifumba macho naona fizi. Na wewe?"

"Nimekula wali na samaki mkavu, nikakuwaza."

"Ulimwaza nani kwanza, mimi au samaki?"

"Samaki alikuwa karibu zaidi, mpenzi."

Ning alicheka mpaka mwenzake wa meza ya pili akainua kichwa. Jumapili walisali misa ya saa kumi pamoja, kisha wakala ndizi za kukaanga zenye sukari wakiwa wamesimama barabarani. Ning aliomba kila usiku, kwa maneno machache: Bwana, kama huyu si wangu, nionyeshe mapema.

Jambo moja tu lilimlemea. Kiharusi cha pili kilikuwa kimemchukua baba yake upande wote wa kulia. Chama kilikuwa kimeamua kutundika kibao cha shaba ukumbini, Jumapili ya tatu ya mwezi ule: *Aurelina, mita 612, kipimo cha Teodulo Abrenica.* Mzee alikuwa akihesabu siku. Kila alipokataa kula, Ning alimwambia baba yake, "Tay, kibao!" naye akafungua mdomo.

Ning alimkaribisha Crisanto nyumbani Jumamosi. Mgeni alivaa shati jeupe lililopigwa pasi na kubeba mkate wa moto. Alichukua mkono wa mzee na kuugusisha kwenye paji la uso wake, kama inavyompasa kijana. Wakala sinigang, mchuzi mchachu wa samaki. Kisha Mang Dulo akasema kwa upande mmoja wa mdomo, "Mwonyeshe kanda." Heshima hiyo watu wanne tu waliwahi kuipata.

Televisheni ilikuwa pana, ya mtumba kutoka Japani, imeinuliwa juu ya matofali kwa ajili ya mafuriko. Aurelina ikapita. Crisanto alisogea mbele, lakini si kwa sababu ya meli. Mwezi uliokuwa nyuma yake haukuwa duara. Ulikuwa umelala kama yai, kana kwamba picha nzima imevutwa.

Ning alipokwenda kumwaga maji, Crisanto alitoa simu na kupiga picha moja. Jioni ile aliituma kwa rafiki yake wa chama, Dodong, na maneno haya: "Niambie kama macho yangu yananidanganya."

Dodong hakujibu. Aliibandika picha kwenye kundi la chama, mbele ya watu mia nne.

Ning aliiona kesho yake akitoka kanisani. Aliona mwezi wa yai, na chini pembeni aliona mguu wa baba yake wenye soksi iliyotoboka, na chupa yake ya mkojo. Chini ya picha watu walikuwa wakicheka. "Mang Dulo alipima yai." "Kibao kisubiri kwanza." Simu ikaita.

"Ning, nisikilize. Sikujua Dodong ata—"

"Ulikuja kula chakula chetu au kupiga picha?"

"Nilikosa. Nilipaswa kukwambia wewe kwanza."

"Ulipaswa kuniambia mimi tu! Ile chupa, Crisanto. Mtu aliyezunguka dunia ndani ya chumba cha injini, na sasa watu mia nne wanajua anakojoa wapi."

"Naomba nije nimwombe radhi."

"Ulinifuata kwa ajili ya kanda."

"Nilikufuata kwa ajili ya mkia, mpenzi. Siku ile sikujua hata jina lako."

"Usiniite mpenzi."

"Sawa. Lakini, Ning... mwezi ni yai kweli."

Ning akakata simu. Siku zilizofuata ilipoita aliiacha iite. Alianza sala ya siku tisa. Alisali kwa hasira, na alijua kwamba ni kwa hasira, lakini hakuacha.

Siku ya sita mwenyekiti wa chama, Aling Remy, alimpigia simu.

"Mwanangu, picha ya simu si ushahidi. Wewe ndiye uliyekuwepo siku ya kupima. Sema tu kwamba televisheni ilikuwa sawa, kibao tunakitundika. Wote tutakuamini."

"Naomba mpaka kesho, Aling Remy."

Alichukua kitambaa akafuta vumbi kwenye televisheni iliyokuwa imewashwa, kwa kuwa mikono yake haikujua la kufanya. Rimoti nayo akaifuta. Pale chini, kitufe kimoja kilikuwa kimechakaa kuliko vingine vyote. Akakibonyeza. Picha ikajikusanya katikati, na mistari miwili myeusi ikasimama pembeni.

Ndipo akakumbuka. Alikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa amerudi baada ya miezi kumi baharini, na alikuwa na likizo ya wiki sita tu. "Tay, hii mistari mibaya, meli imefungiwa," alisema, akabonyeza. Picha ikapanuka ikajaza kioo chote. Baba alicheka, "Sasa imepumua!" Akaenda kuchukua rula yake ya chuma. Yeye alishika ncha moja na Ning ncha nyingine.

Ning alipiga magoti hapohapo sakafuni. Bwana, nifunge mdomo, aliomba. Kesho niseme tu kwamba ilikuwa sawa, naye afurahi mpaka siku yake ya mwisho. Alipoinuka alijua kwamba ombi la kusema uongo si la kupewa.

"Tay," alisema kando ya kitanda, "mimi ndiye niliyeivuta ile meli."

Alimweleza yote. Mang Dulo alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akageuza uso ukutani. Jioni alikataa uji, na asubuhi akakataa tena. Ning alitaja kibao kwa mazoea, akajiuma ulimi.

Mchana mzee aliita. "Leta rula."

"Tay, pumzika."

"Rula. Na yule kijana. Mkono wangu haushiki."

Simu iliita mara moja tu.

"Ning?"

"Njoo. Si mimi ninayekuita."

Crisanto alifika na vumbi la chuma kwenye suruali. Alipiga magoti mbele ya kitanda. "Nimekuvunjia heshima, mzee. Nyumbani kwako."

"Ndiyo," alisema Mang Dulo. "Shika ncha ya kushoto."

Ning aliwasha kanda na kubonyeza kitufe mpaka mistari ikasimama pembeni. Mwezi ukawa duara. Alisimamisha kanda, akashika ncha ya kulia, na mabega yao yakakaribiana mbele ya kioo.

"Bado una hasira?" Crisanto alinong'ona.

"Ndiyo. Shika sawasawa."

"Someni," mzee aliamuru.

"Mnara, sentimita moja na nusu," Ning alisema. "Meli, arobaini na nusu."

Mang Dulo alifumba macho akipiga hesabu, midomo ikicheza. "Minara ishirini na saba. Mita mia nne hamsini na tisa." Chozi likamtoka kwenye jicho lisilotii. "Zimepotea ngapi?"

Ning alihesabu. "Mia moja hamsini na tatu, Tay. Idadi ya samaki kwenye wavu wa mitume, katika Maandiko."

Mzee alifungua macho. Alimtazama binti yake, kisha kijana, kisha ile rula iliyokuwa bado mikononi mwao wote wawili.

"Na wavu haukupasuka," alisema. Kisha, "Huo uji bado upo?"

Jumapili ya tatu hapakuwa na kibao. Fundi alihitaji wiki mbili kuandika namba mpya, na majina mawili, la baba na la binti, badala ya moja. Ning alikuwa amempigia Aling Remy mwenyewe na kumwambia ni nani aliyebonyeza kitufe. Kwenye kundi walicheka siku mbili, kisha wakaanza kubishana juu ya ukubwa wa meli nyingine.

Siku ile baada ya misa Ning alilaza Aurelina yake kwenye meza ya jikoni, akafunika gauni la njano kwa aproni, akachora mistari miwili tumboni mwa meli. Sentimita thelathini na kitu zilipaswa kutoka. Mang Dulo alitazama kutoka kwenye kiti chake, na Crisanto alisimama kando ya meza.

"Kibao cha pili kikiandikwa siku moja," Crisanto alisema polepole, "jina lako litabaki Abrenica?"

Ning aliweka msumeno kwenye mstari wa kwanza. Alijibu bila kuinua macho.

"Hilo nitaliombea kwanza. Wewe shika mkia. Na safari hii usiuachie."

Akaanza kukata.