Joto la Bahari na Nyumba ya Mtoni

Damaris ni mlinzi wa jengo la ofisi Dubai. Anakodi chumba Al Baraha, nyumbani kwa Bi Badriya, mama wa Kizanzibari. Binti wa Bi Badriya, Asila, ni mwalimu wa jiografia. Wote watatu hupikia jiko moja.

Kwao Damaris ni Mwingi, Kenya. Huko amejenga nyumba kwa simu. Kaka yake Zedekiya alimtumia picha ya kiwanja, mchanga mweupe na jua, naye akasema sawa. Sasa mama yake anaishi humo na Trinah, binti wa Damaris mwenye miaka sita.

Jioni moja ya Septemba Damaris alikuwa akiongea na Trinah kwa video. Asila akachungulia simu.

"Anacheza wapi huyo mtoto?"

"Mtoni. Lakini ni mto mkavu, mwalimu. Hauna maji tangu tujenge."

"Na nyumba iko wapi?"

"Hapo nyuma yake. Si unaiona?"

Asila akaisogeza simu karibu na macho.

"Bahari upande wetu imepata joto mwaka huu," Asila akasema.

"Kwani Mwingi kuna bahari? Kutoka Mombasa ni safari ndefu ya basi."

Bi Badriya akacheka. "Mwanangu, mvua haipandi basi."

Asila akakinga maji ya bomba kwenye bakuli. Dubai wakati wa joto maji ya bomba hutoka ya moto. Bakuli la pili akalitia maji ya friji. Akafunika yote mawili kwa vifuniko vya kioo. Baada ya muda akavifunua. Kifuniko cha maji ya moto kilidondosha matone. Cha maji baridi kilikuwa kikavu ndani.

"Bahari ya Hindi ina pande mbili," akasema. "Upande wa Afrika na upande wa Indonesia. Mwaka mwingine joto huwa kule. Mvua hubaki kule, na vuli ya kwenu huwa haba. Mwaka huu joto liko kwetu, kule kumepoa. Upepo unaleta mvuke huku. Watu wa hali ya hewa wametangaza kwamba vuli inaweza kuwa kubwa kupita kawaida."

"Inaweza, au itakuwa?"

"Siwezi kukuapia. Lakini mto mkavu ni njia ya maji, Damaris. Maji hayajaihama."

Damaris akampigia Zedekiya palepale.

"Sista, acha kutishwa," Zedekiya akasema. "Mwaka juzi walitangaza mvua, tukala vumbi."

"Nikikosea nicheke hadi Krismasi. Wahamishe waje kwako huko juu mlimani. Vitanda, mbuzi, mahindi, kila kitu, mpaka mvua ziishe."

Alipompigia mama yake, mama akakataa. "Nimechoka kukaa kwa watu."

"Kwa mwanao ndiko kwa watu, mama?"

"Mke wa Zedekiya ananihesabia sukari."

Damaris hakucheka. Alipiga tena kesho yake, na kesho yake tena. Mwisho akauliza polepole, "Mama, mto ukija mmelala, wewe utaweza kumbeba Trinah kwa mguu wako huo mbovu?"

Mama akaanza kufunga mizigo. Jumamosi Zedekiya akaleta mkokoteni.

Oktoba ikapita na jua kali. Zedekiya akaanza kucheka kweli. Novemba mvua ikaanza, haikupumzika. Kisha simu za nyumbani zikakatika zote. Damaris alisimama mlangoni kazini, watu wanamsalimu, hawasikii. Aliwaza labda mama amerudi kule mtoni kufuata sufuria. Labda Trinah ameshuka kuangalia maji. Bi Badriya alimpikia uji, ukapoa bila kuguswa.

Simu ilipolia, Asila akaipokea, akamwekea Damaris sikioni.

"Mto umekuja," mama akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ulinguruma kama lori. Jiko limekwenda. Ukuta wa chumba cha Trinah umeanguka, ule wa upande wa kitanda."

"Trinah yuko wapi?"

"Amelala. Kitanda chake kiko huku kwa Zedekiya, na yeye yuko juu yake. Nimemgusa sasa hivi."

Damaris akakaa sakafuni. Akaomba aonyeshwe mtoto hata hivyo.

Mvua zilipokwisha, Zedekiya alipima kiwanja kipya huko juu. Safari hii Damaris hakutaka picha ya kiwanja tu. Alitaka kuonyeshwa maji hupita wapi.