Ndiyo ya Mokami

Kila asubuhi Mokami alifika shuleni miguu imelowa umande, akili ikiwa bado mbugani. Nyumbu walikuwa wakipita karibu na Robanda siku hizo, na mvumo wao ulimfuata hadi darasa la sita, kama ndoto isiyotaka kwisha.

"Mokami! Rudi kwetu!" Mwalimu Laurian alimwita. Alikuwa ametoka Bukoba, akipenda mifano kuliko fimbo. Ubaoni ameandika neno la Kiingereza: refuse. "Umetakiwa jambo, nawe unasema wazi kwamba hutalifanya. I refuse to go, nakataa kwenda. Haya, utaje mfano wako."

Mokami alisimama, akatafuta, asiupate. Kwao mtoto akitumwa na mkubwa huitika. "Sijawahi kukataa, Mwalimu."

"Huyo hata fisi akimwomba mguu atampa!" Tomaso akasema, darasa likaangua kicheko.

Jumamosi, mama yake alimtuma apeleke unga kwa bibi, aliyekuwa mgonjwa. Njiani akakutana na Mzee Nyangwine, balozi wa nyumba kumi, jembe begani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mchana panda ulingoni pale shamba la ujamaa, umpokee Tomaso zamu ya kulinda. Nyani wameyazoea mahindi yetu. Utakwenda?"

"Ndiyo, babu."

Neno lilimtoka lenyewe, laini kama vumbi. Alijua kwa bibi ni mbali, na kwamba hataweza kurudi kabla ya mchana. Lakini amkatalie mzee? Akashika njia. Kule bondeni nyumbu walitiririka kama mto mweusi, naye akawatazama mpaka ile ahadi ikazama humo humo.

Aliporudi jioni, watu walikuwa wamejaa kando ya shamba. Upande mzima mabua yamelala, magunzi yametapakaa. Chakula cha kijiji! Mzee Nyangwine alikuwa amesimama mbele ya Tomaso, akimhoji.

"Nilimngoja Mokami, babu, hakuja. Nikaenda kwao kumtafuta. Kurudi, nyani wameingia."

"Usimsingizie mwenzako! Mokami aliniitikia kwa kinywa chake. Wewe umeshuka kwa uvivu. Mpaka mavuno utalinda peke yako, na shule utaisikia kwa mbali."

Machozi yakamlenga Tomaso. Masikioni mwa Mokami mvumo wa nyumbu ukakoma, akajipenyeza hadi mbele ya mzee.

"Babu, anasema kweli. Mama alikuwa amekwisha kunituma kwa bibi. Nilijua sitafika, ila niliogopa kukukatalia."

Mzee alikaa juu ya kichuguu. "Tomaso, nisamehe," akasema. Kisha akamgeukia Mokami. "Ungesema hapana, ningemtafuta mwingine. Heshima si kuitika tu, mjukuu wangu. Anayekataa wazi hunipa nafasi ya kujipanga. Wewe umewafungulia nyani mlango kwa ndiyo."

Siku iliyofuata mvua ilinyesha, na watoto wakapanda viazi vitamu pale palipoliwa. Mokami alitangulia kushika jembe.

"Leo fisi akikuomba mguu atalala njaa," Tomaso akamnong'oneza, wakacheka.

Mzee Nyangwine akapita. "Mokami, kesho jioni utalinda?"

Mokami alishusha jembe. "Hapana, babu. Jioni nampikia bibi, nalala huko huko. Keshokutwa nitaweza."

Watoto waliacha kulima, wakamtazama mzee. Naye akatabasamu, akaweka mkono kichwani mwa Mokami.

"Ahsante, mjukuu wangu. Sasa hata ndiyo yako ya keshokutwa nitaiamini."