Fremu ya Chumba cha Mama

Kinyozi hajinyoi, na fundi wa milango hatengenezi mlango wa kwao. Miezi minne dada yake fundi mmoja alikuwa akimwambia, "Kaka, kiti cha magurudumu hakipiti mlangoni kwa Mama," naye miezi minne akijibu, "Nitakuja wiki hii." Wiki ipi, hasemi. Msimlaumu sana. Amepachika milango ya watu mpaka viganja vimekuwa magome, na akirudi kwake anachotaka ni kuvua viatu tu. Uchovu nao ni ugonjwa, basi tu hauandikiwi cheti.

Jioni hiyo alikuja. Jua lilikuwa linaondoka barazani. Dada alimtazama, akachukua beseni la nguo aende uani kufua.

"Upime sawasawa. Usije ukatuletea fremu ya banda la kuku."

"Mimi ndiye fundi."

"Ndiyo maana nakuambia."

Mama alikuwa amelala ubavu, uso ameuelekeza mlangoni. Siku hospitali ilipomrudisha nyumbani, daktari alisema wiki mbili. Mwaka ulikuwa umepita. Alibaki mifupa na macho, na kila pumzi aliivuta kwa kazi, kama mtu anayevuta ndoo kutoka kisima kirefu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekuja na kazi au umekuja na maneno?"

"Na kazi."

"Haya, baba. Ifanye."

Fremu hiyo aliitengeneza marehemu baba yao, naye alikuwa seremala. Mbao nzito, nyeusi kwa mikono ya miaka mingi. Sasa, kupima mlango si kubahatisha. Unapima upana juu, katikati na chini, maana nyumba za zamani hupinda, kisha unachukua kipimo kilicho kidogo. Akavuta tepu. Juu, sentimita sitini na nne. Chini, sitini na nne. Katikati...

Sitini na moja.

Akafikicha macho. Akarudia palepale. Sitini na nne. Akajicheka, akasema moyoni kwamba uzee umemkuta kazini. Akarudia mara ya tatu, na safari hii hakuiondoa tepu. Aliiacha pale, akatazama.

Tepu ikajikunja. Polepole. Miimo miwili, zile nguzo za kando za mlango, ilikuwa inasogeleana.

Sitini na tatu... sitini na mbili... sitini na moja.

Nyuma yake Mama alikuwa anashusha pumzi. Akamaliza. Kimya. Kisha akavuta nyingine, kwa taabu, na miimo ikaachana.

"Mchwa," fundi alijiambia. Ni uongo aliowahi kuwaambia wateja wengi. Lakini mchwa hutafuna mbao, hawafanyi mbao zipumue.

Mikono ikaendelea na kazi, maana mikono ya fundi haijui kufanya kingine. Anayebadilisha fremu hapimi fremu peke yake, hupima ukuta kwa ukuta. Kwa hiyo alichomeka patasi, akabandua ule ubao mwembamba unaoficha ufa kati ya fremu na ukuta. Ukatoka bila ubishi. Akachungulia.

Hakukuwa na msumari. Hata mmoja. Fremu ilisimama yenyewe, na ukuta nyuma yake ulikuwa na majimaji ya uvuguvugu. Harufu ikamjia puani... tumbaku, gundi ya mbao, jasho la kwapa.

Shati la baba yake.

"Umeona," Mama akanong'ona.

Aligeuka.

"Mama, hii ni nini?"

"Nilipokuzaa wewe niliugua. Wakasema sifiki asubuhi. Baba yako akang'oa mlango, akasimama pale penye tundu la ukuta, akajipima kwa mwili wake mwenyewe. Mbao akazikata kwa kipimo hicho." Alipumzika. "Kisha akatoboa mwimo, akapulizia pumzi yake humo, akaziba kwa nta. Akasema siku yangu ikifika, fremu itanishika."

"Akajifunza wapi mambo hayo?"

"Hakuniambia. Nami niliogopa kujua."

Uani, dada alikuwa anakamua nguo. Maji yalisikika yakianguka kwenye beseni.

"Siku yangu ilifika mwaka jana, mwanangu. Inanishika. Inauma kila mahali, usiku na mchana, na kufa sifi. Kiti anakitaka dada yako. Mimi nataka fremu itoke."

"Ikitoka?"

"Nitapumzika."

Aliokota nyundo. Akaweka patasi pale mwimo unapokutana na ukuta. Pigo moja lingetosha, fundi yeyote angekuambia hivyo. Alinyanyua mkono, na moyo ukamwambia kwamba akishusha, duniani hatabaki mtu wa kumwita mwanangu. Alimpenda mama yake. Tena aliogopa, na alikuwa amechoka mno kuwa yeye ndiye wa kulifanya jambo hilo.

Mkono ukabaki juu. Kisha ukashuka bila kupiga.

"Vipimo havijakaa sawa, Mama," alisema. "Nitarudi kesho."

Mke wa seremala anaijua kesho ya mafundi.

Fundi aliurudisha ule ubao mahali pake, akaupigilia misumari mingi kuliko inavyohitajika. Alipoegemea mwimo ili ainuke, mbao zikamshika vidole. Kwa upole. Zikavibinya kidogo, jinsi baba alivyokuwa akimbinya bega utotoni, kazi ikimpendeza.

Alichomoa mkono, akarudi nyuma hadi akagonga kitanda.

"Baba yako naye hakuniuliza kama nataka," Mama alisema.

Dada akaingia akijifuta mikono. "Umepata vipimo?"

"Nimepata."

Kile kiti bado kimeegeshwa sebuleni, na siku za mvua dada huanikia nguo juu yake. Fundi akipigiwa simu husema atakuja wiki hii. Na Mama anapumua.